Neno na Kipimo: Mafunzo kutoka Hojaji ya Hamu ya Kujamiiana katika Lugha ya Kireno



1. Utangulizi

Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana ngeni katika ukumbi uliozoea kujadili ushairi, lahaja na ngeli za nomino. Tutazungumzia hojaji, yaani orodha ya maswali ambayo majibu yake hupewa namba, inayotumiwa na wanasaikolojia kupima hamu ya kujamiiana. Na tutaitazama inapohamishwa kutoka Kiingereza kwenda Kireno. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hojaji ni matini fupi sana, lakini kosa ndani yake lina gharama kubwa. Riwaya iliyotafsiriwa vibaya humchosha msomaji. Hojaji iliyotafsiriwa vibaya humwita mgonjwa mtu aliye mzima, au humrudisha nyumbani bila msaada mtu anayeuhitaji. Pili, Kireno kinafanana na Kiswahili kwa jambo moja la msingi: ni lugha ya mataifa mengi yaliyotengana kwa bahari na kwa desturi, na katika baadhi ya mataifa hayo wengi huijua kama lugha ya pili. Yanayowasibu wenzetu wa Kireno yanatuhusu na sisi.

Hoja nitakayoitetea ni hii: katika kutafsiri hojaji, kinachotakiwa kuvuka ng'ambo ni kipimo, na neno ni chombo tu cha kukivushia. Kwa hiyo usahihi wa tafsiri ya namna hii hauwezi kuthibitishwa na mfasiri aliyeketi na kamusi zake. Huthibitishwa na majibu ya watu wanaoulizwa.

2. Hamu ilivyofanywa kuwa kitu cha kupimwa

Kabla ya kuitafsiri hojaji ni lazima tujue inapima nini. Mwaka 1966 Wamarekani William Masters na Virginia Johnson walichapisha utafiti wao juu ya namna mwili unavyoitika wakati wa kujamiiana. Waliugawa mwitiko huo katika hatua nne, kuanzia msisimko hadi utulivu. Hamu haikuwa miongoni mwa hatua hizo; ilichukuliwa kwamba ipo tu. Katika miaka ya 1970 daktari Helen Singer Kaplan alionesha kwamba baadhi ya wagonjwa wake hawakuwa na tatizo la mwili hata kidogo: shida yao ilikuwa kukosa hamu yenyewe. Akaiweka hamu kuwa hatua ya kwanza. Mwaka 1980, toleo la tatu la mwongozo wa maradhi ya akili wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani liliingiza upungufu wa hamu katika orodha yake. Tangu hapo palihitajika njia ya kusema ni hamu kiasi gani iliyo pungufu.

Hojaji mbili zitatusaidia katika mjadala huu. Ya kwanza ilitolewa na Ilana Spector, Michael Carey na Lynne Steinberg mwaka 1996, nami nitaiita Orodha ya Hamu. Katika sura yake inayotumika ina vipengele 14. Vingine huuliza mara ngapi, na majibu yake yana ngazi nane, kuanzia "hata mara moja" hadi "mara nyingi kwa siku". Vingine huuliza kwa nguvu kiasi gani, na mjibuji huchagua namba kutoka 0 hadi 8. Waandishi wake walitofautisha hamu ya aina mbili: hamu ya kujamiiana na mtu mwingine, na hamu ya mtu kujiridhisha peke yake. Ya pili ni Faharasa ya Utendaji wa Kijinsia wa Mwanamke, iliyotolewa na Raymond Rosen na wenzake mwaka 2000. Hii ina maswali 19, na mawili ya kwanza ndiyo yanayohusu hamu. Zote mbili zimetafsiriwa katika lugha kadhaa, Kireno kikiwa mojawapo.

Itaonekana mara moja kwamba hojaji hizi zina dhana zilizojificha. Zinachukulia kwamba hamu ni kitu kinachokaa ndani ya mtu mmoja, kwamba kinaweza kutenganishwa na msisimko wa mwili, na kwamba mtu anaweza kukumbuka ni mara ngapi kilimjia. Dhana hizo zinaweza kuwa sahihi au zisiwe sahihi. Jambo la kuzingatia kwa mfasiri ni kwamba anazivusha zote pamoja na maneno, atake asitake.

3. Kireno kipi?

Kireno ni lugha rasmi ya Ureno, Brazili, Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau, Cape Verde, São Tomé na Príncipe, na Timor ya Mashariki. Ureno ina watu wapatao milioni 10. Brazili ina zaidi ya milioni 200. Anayesema "nitaitafsiri hojaji hii kwa Kireno" hajasema jambo kamili mpaka aeleze ni Kireno cha nani.

Tuanze na namna ya kumsemesha mtu. Katika sehemu kubwa ya Brazili kiwakilishi *você* ndicho cha kawaida cha nafsi ya pili. Huko Ureno kiwakilishi hichohicho huweza kusikika kuwa kikavu, na mahali pengine kikawa utovu wa adabu. Watu hukiacha kabisa na kumsemesha mtu kwa kitenzi cha nafsi ya tatu bila kiwakilishi. Katika hojaji inayouliza habari za chumbani, adabu ya kiwakilishi si pambo. Mtu aliyehisi kwamba amevunjiwa heshima katika swali la kwanza hatajibu swali la kumi kwa ukweli. Njia inayofaa pande zote mbili ni kuandika kitenzi peke yake, *sentiu*, yaani "ulihisi", na kukiacha kiwakilishi.

Tatizo la pili ni la jinsia ya kisarufi. Orodha ya Hamu humuuliza mjibuji kuhusu mwenzi wake bila kutaja kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa Kireno sharti mtu aseme *parceiro* au *parceira*, na kwa kuchagua mojawapo atakuwa ameshaamua mjibuji anampenda nani. Wengi huandika *parceiro(a)*, yenye mabano yake, na huo ndio usalama. Hali kadhalika "peke yako" ni *sozinho* kwa mwanamume na *sozinha* kwa mwanamke. Lakini lugha hiyohiyo hutoa msaada pia: neno *pessoa*, yaani "mtu", ni la jinsia ya kike kisarufi ingawa humtaja mwanamume na mwanamke sawasawa. Swali linalohusu mtu wa kuvutia linaweza kuandikwa *uma pessoa atraente* bila kumbagua yeyote.

Tatizo la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni neno la hamu yenyewe. *Desejo* ni neno la heshima, la vitabuni na la hospitalini. *Vontade* ni la kila siku, lakini lina maana pana ya kutaka na utashi. Mtu anaweza kuwa na *vontade* ya kula au ya kulala. *Libido* ni la daktari. *Tesão* ni la mitaani: huko Brazili vijana hulitumia bila kusita, lakini mbele ya mhoji mgeni ni neno la kuona haya. Mfasiri huchagua *desejo sexual*, na ni vigumu kumlaumu. Lakini ajue amefanya nini: amechagua neno ambalo watu wengi hulisoma zaidi kuliko wanavyolisema. Mwanamke aliyesoma hadi chuo kikuu hulitumia neno hilo kujieleza. Mwanamke asiyesoma hulipokea kama neno la watu wengine, na pengine hujibu kwamba hana kitu hicho kwa sababu kitu alicho nacho hajawahi kukiita hivyo.

4. Tafsiri rejeshi na mipaka yake

Zipo taratibu zinazokubalika za kazi hii. Mwaka 1970 Richard Brislin alieleza kwa upana njia ya tafsiri rejeshi: mfasiri wa kwanza huipeleka matini katika lugha lengwa, mfasiri wa pili ambaye hajaiona matini ya asili huirudisha, kisha matini mbili za lugha chanzi hulinganishwa. Mwaka 2000 Dorcas Beaton na wenzake walipendekeza hatua zilizotumiwa sana katika tafiti za afya: wafasiri wawili wafanye kazi mbalimbali, tafsiri zao ziunganishwe kuwa moja, irejeshwe na watu wawili, kamati ya wataalamu ipitie kila kitu, kisha hojaji ijaribiwe kwa watu 30 hadi 40 ambao, baada ya kujibu, wataulizwa walielewa nini.

Wengi hudhani kwamba tafsiri rejeshi ndiyo hatua inayothibitisha ubora. Mifano miwili itaonesha kwa nini dhana hiyo haitoshi.

Chukua mfasiri wa Lisbon anayeandaa hojaji kwa ajili ya vijana, na ambaye mahali penye "msichana" ameandika *rapariga*. Huko Ureno hilo ni neno la kawaida kabisa. Mfasiri wa pili, Mreno pia, atalirudisha kuwa "msichana". Matini mbili zitalingana na kamati itaridhika. Hojaji hiyo ikifika kaskazini mashariki mwa Brazili, msichana atakayeisoma atakuwa ameitwa malaya. Hapa tafsiri rejeshi imeipitisha tafsiri mbaya.

Sasa chukua mfano wa kinyume. Mojawapo ya ngazi za majibu katika Orodha ya Hamu ni "mara moja kila wiki mbili". Mreno husema *de quinze em quinze dias*, yaani, neno kwa neno, "kila siku kumi na tano". Hivyo ndivyo wiki mbili zinavyohesabiwa katika lugha yake, na ndivyo mjibuji atakavyoelewa bila kusita. Mfasiri rejeshi mwaminifu akiandika "kila siku 15", mlinganishaji ataona kosa: wiki mbili ni siku 14. Hapa tafsiri rejeshi imeikataa tafsiri nzuri.

Funzo lake ni wazi. Tafsiri rejeshi hupima ufanano wa maumbo kati ya matini mbili zinazosomwa na wataalamu. Haipimi kinachotokea katika akili ya mjibuji. Tena hulipendelea neno la kisisisi, kwa kuwa neno la kisisisi hurudi kwao bila kupotea njia. *Desejo sexual* litarudi salama kila mara, na kwa usalama huo halitufahamishi chochote.

Ndiyo maana ile hatua ya mwisho, ambayo mara nyingi hufanywa kwa haraka kwa sababu fedha zimekwisha, ndiyo yenye uzito. Mtu hupewa swali, hujibu, kisha huombwa alieleze kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo hugundulika kwamba *no mês passado* limeeleweka kuwa mwezi wa kalenda uliokwisha, ilhali mtafiti alikusudia siku 30 kurudi nyuma kuanzia leo. *Durante o último mês* ni afadhali. "Katika siku 30 zilizopita" ni bora zaidi katika lugha yoyote. Hapo ndipo hugundulika pia kama mjibuji hutofautisha hamu na msisimko, au kama kwake yeye hivyo ni kitu kimoja. Swali hilo si la Wareno peke yao. Mwaka 2013, toleo la tano la mwongozo wa Marekani liliunganisha kwa wanawake tatizo la hamu na tatizo la msisimko kuwa moja, na sababu mojawapo ni kwamba wanawake wengi hawakuweza kuvitenga vitu hivyo viwili.

5. Takwimu zinasema nini

Baada ya maneno huja hesabu, na wanafunzi wa lugha wasizikimbie. Hojaji iliyotafsiriwa hupewa watu wengi, mamia kwa kawaida, na majibu yao hutazamwa kwa maswali matatu.

La kwanza: je, vipengele vinakwenda pamoja? Vipengele vinavyodai kupima kitu kimoja vinatarajiwa kupanda na kushuka pamoja. Kigezo maarufu ni kile cha Lee Cronbach cha mwaka 1951. Kwa kawaida thamani ya 0.70 au zaidi huhesabiwa kuwa ya kuridhisha. Lakini kigezo hiki kina mtego. Vipengele vinavyorudia neno lilelile vitakwenda pamoja hata kama neno hilo limeeleweka visivyo. Wajibuji wote wakikosea namna moja, uthabiti utakuwa wa juu.

La pili: je, vipengele vinajigawa kama vilivyojigawa katika lugha ya asili? Nimesema kwamba Orodha ya Hamu ilitungwa ikiwa na sehemu mbili. Mwaka 2017 Nieves Moyano, Pablo Vallejo-Medina na Juan Carlos Sierra, waliofanya kazi kwa Kihispania, waliuliza kama sehemu hizo ni mbili au tatu. Walionesha kwamba hamu ya kujamiiana na mwenzi na hamu inayoamshwa na mtu mwingine wa kuvutia zinafaa kutenganishwa. Jambo hilo lina maana kubwa. Mtu anaweza kupata jumla ileile kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa: mmoja kwa kumtamani mwenzi wake, mwingine kwa kuwatamani wapita njia. Kwa mshauri wa ndoa watu hao wawili hawafanani hata kidogo.

La tatu, ambalo husahauliwa mno: je, watu wawili wenye hamu sawa, mmoja wa Porto na mmoja wa Recife, watatoa majibu sawa? Ikiwa mmoja atachagua 4 na mwingine 6 kwa sababu tu neno lina uzito tofauti masikioni mwao, basi hatuwezi kulinganisha wastani wa nchi mbili na kusema kwamba watu wa huku wana hamu kuliko wa kule. Tutakuwa tumepima lugha huku tukidhani tumepima watu. Usawa huu wa kipimo hupatikana kwa kuchambua majibu ya pande zote mbili kwa pamoja. Haupatikani kwa kuitazama tafsiri.

6. Nani anaumia

Yupo atakayesema kwamba haya ni mabishano ya wataalamu. Sivyo. Faharasa ya mwaka 2000 ina mpaka wake. Mwaka 2005 Markus Wiegel, Cindy Meston na Rosen walipendekeza kwamba mwanamke anayepata jumla ya 26.55 au pungufu achukuliwe kuwa huenda ana tatizo la utendaji wa kijinsia. Namba hiyo ilipatikana kwa wanawake waliojibu kwa Kiingereza. Ikichukuliwa na kubandikwa juu ya tafsiri ya Kireno bila kuhakikiwa upya, maelfu ya wanawake watahukumiwa kwa mizani ambayo mawe yake yamebadilishwa. Tena maswali kadhaa ya faharasa hiyo hutoa sifuri kwa mwanamke ambaye hakujamiiana katika wiki nne zilizopita. Mjane, au mke ambaye mumewe yuko safarini, anaweza kuonekana mgonjwa kwa sababu ya upweke wake.

Dawa nazo hupita katika mlango huohuo. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo flibanserin kwa wanawake wenye upungufu wa hamu ambao hawajakoma hedhi. Katika majaribio ya mwanzo hamu ilipimwa kwa shajara ya kila siku, na shajara hiyo haikuonesha tofauti ya kutosha kitakwimu kati ya dawa na kidonge kitupu. Maswali mawili ya hamu ya ile faharasa yalionesha tofauti, na katika jaribio lililofuata yakawekwa kuwa kipimo kikuu. Sitii neno juu ya dawa yenyewe. Hilo ni la madaktari. Ninachosema ni kwamba maswali mawili, yenye maneno machache, yalishika nafasi katika uamuzi wa dawa kwenda sokoni. Anayeyatafsiri maswali hayo ameshika kitu kizito.

Ipo njia nyingine ambayo wenzetu wa Kireno wameifuata, nayo ni kutunga badala ya kutafsiri. Mwaka 2006 Carmita Abdo wa Chuo Kikuu cha São Paulo alitoa hojaji ya maswali 10 kwa wanawake, iliyoandikwa kwa Kireno cha Brazili tangu mwanzo. Huko Ureno, Pedro Nobre na José Pinto-Gouveia walitoa mwaka 2003 hojaji ya imani potofu kuhusu kujamiiana. Faida ya njia hii ni kwamba swali huzaliwa katika lugha ya mjibuji. Hasara yake ni kwamba kulinganisha matokeo na ya nchi nyingine huwa kugumu. Kila mtafiti atapima faida na hasara hizo kwa kadiri ya lengo lake. Anayetaka kumtibu mtu aliye mbele yake na anayetaka kulinganisha mataifa hawana haja moja.

7. Kutoka Msumbiji hadi kwetu

Tumefika mahali ambapo Kireno na Kiswahili hukutana. Uhusiano wao ni wa zamani. Meza, leso, bendera na gereza ni ushahidi ulio midomoni mwetu kila siku. Lakini leo nautaja ukutani wao wa sasa, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako husemwa Kimakhuwa, Kimakonde, Kimwani ambacho ni jirani wa karibu wa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe. Kireno ni lugha rasmi huko tangu uhuru wa mwaka 1975, lakini kwa wengi ni lugha ya shule na ya ofisi. Tuseme basi hojaji iliyohakikiwa Lisbon inapelekwa katika kliniki ya huko. Imo katika lugha rasmi ya nchi, na karatasi zote ziko sawa. Je, inapima?

Mwanamke wa pwani hiyo, kama mwenzake wa Mtwara au Lamu, huenda alijifunza mambo ya unyumba kwa kungwi au somo wakati wa unyago. Lugha aliyofundishiwa ni ya mafumbo, nyimbo na ishara, na kila fumbo lina watu wanaoruhusiwa kulisikia. Kwake yeye kutaja hamu waziwazi mbele ya mgeni ni kuvunja mwiko, hata kama hamu yenyewe si aibu. Akijibu "sina", jibu lake linaweza kuwa tendo la heshima. Mtafiti ataliandika kuwa sifuri.

Na Kiswahili je? Tuyapitie maneno yetu kama tulivyoyapitia ya Kireno. *Hamu* ni pana: mtu ana hamu ya chai, na anayesema "nina hamu nawe" anaweza kuwa mama anayemwambia mwanawe aliye mbali. *Shauku* inaelekea kwenye kungoja kwa furaha. *Ashiki* ina harufu ya utenzi. *Uchu* una ulafi ndani yake. *Matamanio* yamebeba onyo la mimbarini. *Nyege* linataja jambo lenyewe barabara, na kwa sababu hiyo halitamkwi mbele ya wakwe. Mwenye kuitegemea asili ya neno naye atapotea: *shahwa* ya Kiarabu ni matamanio, lakini kwa Kiswahili *shahawa* ni mbegu za kiume. Neno lilivuka bahari, na maana ikahama kutoka moyoni kwenda mwilini.

Kwa tendo lenyewe hali ni hiyohiyo. *Tendo la ndoa* ni la adabu, lakini ukimuuliza kijana asiyeoa ni mara ngapi alilitamani, umemuuliza juu ya ndoa. *Kujamiiana* ni la kitaalamu. *Ngono* limepita katika miaka mingi ya kampeni za Ukimwi, na "ngono zembe" imelipaka rangi ya hatari. Hakuna hata moja ambalo ni tupu. Upande mwingine tunayo neema ambayo Wareno hawana: *mwenzi*, *mpenzi* na *peke yako* havitaji jinsia. Swali ambalo kwa Kireno linahitaji mabano, kwa Kiswahili linakwenda peke yake. Lakini "mwezi uliopita" una utata uleule wa *no mês passado*, nasi tutahitaji siku 30 zetu.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu kwa watakaoifanya kazi hii kwa Kiswahili. Kwanza, wasianze na kamusi. Waanze kwa kuwasikiliza watu wa rika, jinsia na mahali mbalimbali, ili wajue ni neno gani hutumiwa na nani mbele ya nani. Pili, kamati ya wataalamu isiwe ya madaktari na wanaisimu pekee. Somo na kungwi wanazijua lugha za hamu kuliko profesa yeyote. Tatu, hojaji iliyohakikiwa Zanzibar isipelekwe Lubumbashi au Nairobi kana kwamba Kiswahili ni kimoja. Ihakikiwe upya, kama vile ya Lisbon inavyopaswa kuhakikiwa upya Recife.

8. Hitimisho

Katika mhadhara huu nimeonesha kwamba hojaji ya hamu ilizaliwa katika lugha moja na katika historia moja ya utabibu; kwamba inapovuka kwenda Kireno hukutana na nchi nyingi, viwakilishi vyenye adabu tofauti na maneno ya hamu yasiyotoshana uzito; kwamba tafsiri rejeshi yaweza kuipitisha tafsiri mbaya na kuikataa nzuri; na kwamba hesabu zenyewe hazisaidii mpaka mtu aulizwe ameelewa nini.

Taaluma ya tafsiri nchini mwetu imejengwa zaidi juu ya fasihi, sheria na maandiko ya dini, ambako mfasiri hujibizana na matini. Kazi niliyoieleza inamtaka ajibizane pia na mtu aliyeshika kalamu, anayesoma swali juu ya jambo lake la siri kuliko yote, na ambaye ana haki ya kuulizwa kwa neno analolitambua kuwa ni lake. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu watazipata hapa kwa wingi, na hospitali zetu zitazihitaji.